Wanaotaka kuanza kupiga picha za harusi Dar: jueni harusi kwanza, kamera baadaye (uzi mrefu)

mzee_wa_shata (mleta mada)

Wakuu, salama humu?

Kila baada ya muda anakuja kijana na swali lile lile: "Nina laki kadhaa, ninunue kamera gani nianze kupiga harusi?" Anajibiwa majina ya kamera mpaka ukurasa wa nne, anaondoka kajaa namba kichwani, na hakuna aliyemwambia pete zinavishwa saa ngapi na yeye awe amesimama wapi. Leo naanzia huko. Msimamo wangu, na nitautetea hapa hapa: anayeanza anaangushwa na kutojua kinachofuata kwenye ratiba. Tukio likishapita, hata kamera ya mamilioni haikurudishii.

Ukisikia mtu wa Dar anasema "nina harusi", muulize ni ipi. Kuna kicheni pati, ya akina mama. Kuna sendofu, inayofanywa na upande wa bibi harusi. Kuna ndoa yenyewe, kanisani, msikitini au bomani. Halafu kuna sherehe ukumbini, ambayo kwa kawaida ni ya upande wa bwana harusi. Mara nyingi kila moja ina kamati yake na mweka hazina wake, kwa hiyo anayekulipa ya Ijumaa siye anayekulipa ya Jumamosi. Wageni wa kazi wengi hawalijui hili mpaka wanapoanza kudai.

Ushauri wangu: mwanzoni tafuta mpiga picha mzoefu umfuate kama deiwaka, na anza na sendofu. Sendofu ina mwanga mbaya, umati, keki, zawadi na MC, yaani mafunzo yote ya ukumbini, lakini haina kiapo. Ukikosa picha ya shangazi akicheza, shangazi atacheza tena. Kiapo hakirudiwi.

Kanisani. Kama hujazoea ibada ya dhehebu hilo, nenda Jumamosi yoyote kabla ya kazi ukakae kwenye benchi bila kamera. Kwa Wakatoliki, baada ya mahubiri padri anawauliza maharusi utayari wao, wanashikana mikono ya kuume, wanatoa kiapo, kisha pete zinabarikiwa na kuvishwa. Yote hayo ni dakika chache. Ukiwa bado unabadilisha lenzi wakati padri anauliza utayari, umeshachelewa. Baadaye kuna kusaini vyeti, na hapo usipige maharusi tu: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili, na hao mashahidi ndio watakaokuja kukuuliza picha yao iko wapi.

Fika mapema, mtafute katekista au mzee wa kanisa, umsalimie vizuri, umuulize mambo mawili tu: mwisho wa wewe kusogea ni wapi, na flashi inaruhusiwa au la. Kila parokia na kila usharika una utaratibu wake, na anayekufukuza mbele ya waumini huwa ni yule ambaye hukumsalimia. Halafu jiandae kisaikolojia, maana si ajabu kukuta jozi tatu au nne zinafunga ndoa kwenye ibada moja, kila jozi na mpiga picha wake na mtu wa video wake. Hapo ukubwa wa lenzi hausaidii. Kaeni pembeni kabla ya ibada mpangane nani anapiga kutoka kushoto, nani kulia, na nani anainama.

Msikitini. Bibi harusi mara nyingi hayupo. Anayeketi mbele ya bwana harusi ni walii wa binti au sheikh anayemwakilisha, wanashikana mikono, hotuba inasomwa, inatamkwa kuozesha na kukubali. Picha ya siku ni ile mikono miwili, na nyuso za wazee waliozunguka. Piga ukiwa umekaa chini kama wenzako, soksi safi. Baada ya hapo msafara unaelekea kwa bibi harusi, na pale mlangoni wewe mwanaume huenda safari yako ikaishia hapo. Uliza mapema nani anaendelea ndani.

Ukumbini. Rafiki yako wa kwanza ni MC. Nenda kwake kabla maharusi hawajaingia, piga picha ya ile karatasi ya ratiba kwa simu yako. Yeye ndiye anayeamua keki ikatwe lini, shampeni ifunguliwe lini, wazazi waitwe lini. MC muungwana ukimwomba atasema "maharusi, kisu hapo hapo, mtazameni mpiga picha" na utapata sekunde tano za dhahabu. Ukimpita mbele kila anapozungumza, atakusema kwenye spika na ukumbi mzima utacheka.

Sasa mwanga, maana hapa ndipo wengi wanalia.

Kamera inapopima mwanga inachukulia kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani kuna mwanga mwingi mno, inapunguza, na uso wa bibi harusi unazama gizani. Suti nyeusi ya bwana harusi ikijaa, inafanya kinyume, sura inapauka. Kwa hiyo ukiiachia kamera iamue, maharusi wale wale wanatoka rangi tofauti kila picha. Weka M, yaani mwanga uupange mwenyewe kwa mkono. Pima kwenye uso. Kisha washa kile kionyo kinachowakawaka kwenye sehemu zilizoungua kwa mwanga, uangalie kama gauni limebaki na nakshi zake. Na piga RAW (faili ghafi, kamera haijaichakata), maana kivuli cha usoni unaweza kukiinua baadaye, lakini gauni lililoungua halina nakshi tena hata ufanyeje.

Ukumbini flashi usiielekeze usoni. Wengi wanafundishwa kuipigisha kwenye dari ili mwanga ushuke taratibu, na ni sawa, ila kwanza inua macho. Kumbi zetu nyingi mpambaji ameshafunika dari kwa vitambaa. Kama vitambaa ni vyeupe, umepata bahati. Kama ni vya zambarau, kila uso utarudi na zambarau. Na kama paa liko juu sana, flashi inaishiwa nguvu njiani na betri zinakwisha kabla ya chakula. Hapo igeuze nyuma yako kwenye ukuta mweupe, au weka flashi ya pili kwenye stendi kona ya ukumbi uiwashe kwa kifaa kisicho na waya.

Jambo jingine ni ile mistari ya giza inayokatiza picha. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zinawaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, shata (pazia la kamera linalofunguka na kufunga) inaona. Ukipiga 1/100 au 1/50 ya sekunde mistari inapungua sana. Zile skrini kubwa za LED nyuma ya meza ya maharusi zina tabia zao wenyewe, kwa hiyo jaribu shata tofauti ukumbi ukiwa mtupu. Na ukiwa na flashi ya kawaida, kamera nyingi zinaishia karibu na 1/200. Ukipita hapo unapata utepe mweusi na utaanza kulaumu flashi bure.

Nje: jua la mchana la Dar linakaa utosini, macho yanakuwa mashimo. Tafuta kivuli cha jengo au mti mkubwa, waweke maharusi ukingoni mwa kivuli wakitazama kwenye uwazi. Jua letu linazama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na giza haliombi hodi, kwa hiyo mwanga mzuri ni kuanzia saa 11. Tatizo saa 11 ndiyo foleni. Usichague eneo la picha kwa uzuri tu, chagua lililo njiani. Mmetoka kanisa la Mtakatifu Yosefu au la Azania Front mnaelekea ukumbi wa Masaki? Njia inapita Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, na linawaacha karibu na ufukwe wa Coco. Mkiwa na ukumbi wa Mbezi halafu unawataka maharusi waende Kigamboni kwanza, kamati itakutafuta. Na ukiwa kule Kivukoni, Ikulu iko jirani, lenzi ielekeze baharini.

Nimeishiwa pumzi, nitaendelea nikiulizwa. Karibuni.

kariakoo_gia

Mkuu umenena, ila usiwadanganye vijana kwamba gia si kitu. Ukumbi una giza, mtu anakuja na lenzi ile inayouzwa pamoja na kamera, f/5.6 akivuta (namba ya f ikikua, tundu la mwanga linapungua), ISO, ule wepesi wa kamera kuona gizani, inapaa mpaka sura inakuwa mchanga. Ratiba atakuwa anaijua na picha hana.

mzee_wa_shata

Hapo nakubali nusu, mkuu. Kuna sakafu ambayo chini yake huwezi kufanya kazi. Sakafu hiyo kwangu ni kamera moja ya mtumba iliyo nzima, lenzi moja ya f/1.8 au f/2.8, na flashi moja inayogeuza kichwa. Canon 6D ya 2012 bado inapiga vizuri gizani, na 50mm f/1.8 ni lenzi nafuu kuliko karibu zote. Ila 6D ina nafasi ya kadi moja tu. Nikon D750 ya 2014 na Canon 5D Mark III ya 2012 zina nafasi mbili, unaweza kuzipanga kila picha iandikwe kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja. Kwa harusi ya watu, mimi ningechukua yenye kadi mbili hata kama imechoka kidogo sura. Kadi ikifa na kiapo ndani yake, utasema nini?

Ukienda kununua mtumba, usiangalie sura ya nje. Omba idadi ya mara shata ilizofyatuliwa, piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa, na elekeza tochi ya simu ndani ya lenzi utafute nyuzinyuzi kama za utando wa buibui. Hiyo ni kuvu. Pwani yetu ina unyevu, lenzi zilizolala kabatini zinaota. Na wewe ukishanunua, hifadhi kwenye boksi linalofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

kariakoo_gia

Sawa. Ongeza na hili: ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kali ukashuka kanisani, lenzi inajaa ukungu papo hapo. Watu wanaifuta na shati. Acha begi limefungwa, zima kiyoyozi dakika kadhaa kabla ya kufika, ipate joto taratibu.

mama_wa_lenzi

Mleta mada, kicheni pati umeipitia kama unaruka dimbwi, na hapo ndipo sisi wanawake tunapata ugali wetu.

Wadada mnaosoma hapa, soko lipo. Kicheni pati, singo, hina, kumtoa bibi harusi, sherehe nyingi za wanawake watupu familia hazitaki mwanaume mwenye kamera ndani, na wapiga picha wa kike wanaojua flashi si wengi. Anzeni huko kabla hata ya kufikiria kanisa.

Lakini heshima yake ni tofauti. Kuna sehemu ya kicheni pati ambapo somo na mama wa makamo wanamfunda binti. Hapo kamera inashuka, hata kama hakuna aliyekwambia. Msalimie somo mapema, mwambie, "Shikamoo mama, mkifika kwenye mafunzo nipe ishara nitoke." Utaona anavyokupenda. Kwenye shughuli za Waislamu, wageni wako wamevua hijabu wakijua wako wenyewe kwa wenyewe. Picha hizo si za kuweka kwenye ukurasa wako wa matangazo, wala si za kumwonyesha mteja mwingine kama sampuli. Mimi nawakabidhi kwa diski mkononi, kwenye kundi la WhatsApp la familia situmi hata moja.

Na sasa kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na ina tume yake. Sura ya mtu ni taarifa yake. Weka sentensi moja kwenye mkataba: mnaniruhusu kutumia picha gani kwa matangazo, na zipi hapana. Waachie watie tiki wenyewe.

mzee_wa_shata

Chukua maua yako, dada. Nilipita haraka kwa sababu huko mimi huishia getini.

fundi_video_ilala

Na sisi watu wa video tusemewe. Mnapiga hatua moja mbele ya kamera yetu kila bibi harusi anapoinua shela, halafu familia inaona mgongo wa mtu mwenye begi. Mimi nina taa inayowaka mfululizo, mpiga picha anayeijua anaitumia kama mwanga wake wa pembeni bila flashi, na picha inatoka tamu. Asiyeijua anakuja kusema "zima hiyo taa". Tuongee kabla, dakika mbili tu. Keki nachukua kushoto, wewe kulia, tukimaliza tunabadilishana.

Na wale wa ndege zisizo na rubani: kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga mnacho? Mnarusha tu kama tiara.

katibu_wa_kamati

Naingia kama mtu wa upande wa pili wa meza. Nimekaa vikao vingi vya harusi, kuanzia vya bustani ya baa mpaka vya sebuleni, na naomba niwaambie jinsi kamati inavyowaona.

Hamji na karatasi. Mnakuja na simu, mnatuonyesha picha nzuri ishirini za harusi ishirini. Mimi nataka kuona harusi moja nzima, tangu bibi harusi anavalishwa mpaka zawadi. Hapo ndipo nitajua kama unaweza kazi au ulibahatika. Kama huna harusi nzima, leta sendofu nzima uliyopiga ukiwa deiwaka, kwa ruhusa ya mwenye kazi na ya familia.

Pili, andikeni. Kianzio kiasi gani, balansi inalipwa lini, albamu ina kurasa ngapi, picha zinakabidhiwa baada ya wiki ngapi, mkipitisha saa tuliyokubaliana inakuwaje. Michango ya harusi inaingia hadi siku ya mwisho, na mweka hazina anamlipa kwanza yule mwenye karatasi. Ukisema "tutaelewana", utaelewana na mlinzi wa ukumbi.

Tatu, chakula. Semeni mapema mko wangapi. Sahani za watoa huduma tunazipanga kwenye bajeti, ila ukija na wasaidizi wanne ambao hatukuambiwa, mwenzenu mmoja atakula keki.

mzee_wa_shata

Katibu, hiyo ya harusi nzima ni kweli tupu. Niongeze ya picha za familia, maana kamati huwa mnatuachia mzigo. Vijana: ombeni orodha ya makundi wiki moja kabla, na ombeni ndugu mmoja mwenye sauti, anayewajua watu wa pande zote, ndiye awaite. Wewe hujui baba mdogo ni yupi. Wazee wakae kwenye viti kwanza, kundi kubwa lianze, kisha mnapunguza watu mpaka wabaki maharusi na wazazi. Ukianza na dogo ukakusanya kubwa mwishoni, nusu ya ukoo utakuwa umeshapanda magari. Kwa kundi la mistari mitatu usitumie f/1.8, mstari wa nyuma utakuwa moshi. Nenda f/5.6 au f/8.

Na usiku huo huo kabla ya kulala, nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti. Faili moja ya RAW ni kama MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya GB 64 inabeba picha elfu mbili na ushee. Kadi usiifute mpaka familia ikabidhiwe kazi.

kijana_wa_mbagala

Shikamooni wakubwa. Nimesoma wote. Binamu yangu anafunga ndoa Jumamosi ya wiki ijayo, Lutheri, na sherehe ni jioni. Bajeti imekata, wamesema nipige mimi. Nina Canon 80D, lenzi iliyokuja nayo na 50mm. Flashi sina. Nifanyeje?

kariakoo_gia

Marahaba. Kukodi flashi kwa siku moja ni rahisi kuliko kununua, fanya hivyo. Kodi na betri za akiba. Na 80D kwenye menyu ina kipengele cha kupunguza ule mrukoruko wa taa, kiwashe.

mama_wa_lenzi

Mdogo wangu, waambie ukweli leo kwamba ndiyo unajifunza, wasije wakategemea albamu ya nakshi. Halafu asubuhi nenda kwa bibi harusi mapema, gauni lining'inize dirishani, viatu, pete, mama yake akimfunga vifungo. Mwanga wa dirisha hauhitaji flashi na hapo utapata nusu ya picha zako nzuri.

kijana_wa_mbagala

Asanteni. Na kanisani nisimame wapi?

mzee_wa_shata

Wiki hii nenda kwa mzee wa kanisa au mwinjilisti, jitambulishe wewe ndiye mpiga picha wa Jumamosi ya wiki ijayo, uliza mipaka yako. Halafu Jumamosi hii nenda kwenye ibada ya ndoa ya watu wengine, kaa benchi la pili upande wa kushoto, na mchungaji akianza viapo angalia uso wa nani unauona. Ukiona kisogo cha bibi harusi, hamia kulia. 50mm kwenye 80D inavuta kama 80mm, kwa hiyo hapo benchini unapata nyuso mbili bila kusogea. Kamera zima mlio wote. Ukirudi, andika hapa umeona nini, tukupangie na ukumbini.